Nilivyomtambulisha Bidoni ya Njano

Mimi ni mtu wa kimbelembele. Nalisema mwenyewe mapema, msije mkalisikia kwa Mama Colette, ambaye meza yake ya vikwembe, ndivyo vitenge, inatazamana na duka langu na ambaye hajanisamehe kwa kuingiza mzigo wa Krismasi kabla yake miaka mitatu mfululizo. Katika ukoo wetu mtu akizaa, akiposwa, akifeli mtihani, wa kwanza kutangaza ni mimi. Mume wangu Élie husema redio ya mji ikiharibika watu waje kukaa barazani kwetu. Zamani akisema hivyo nilikuwa nacheka.

Ndiyo maana blogu ilinifaa. Nauza vikwembe kwa jumla hapa Kisangani, Makiso, karibu na soko kuu. Wazazi wetu walitoka Butembo na biashara, sisi tukazaliwa hapa, tukakua tunakula lituma, ndizi za kuponda, na samaki kama watoto wa mto. Kwenye blogu nilikuwa naandika habari za vikwembe tu: ua gani limeingia, wanawake wameliitaje, lipi huvaliwa na mwanamke anayetaka jirani anune. Niliiita Kikwembe. Wasomaji walikuwa mia mbili, nusu yao shangazi zangu.

Miaka sita kabla ya haya ninayosimulia, msomaji mmoja aliniandikia kunikosoa. Alisema ua nililoliita Macho ya Mke Mwenza, kwao Goma linaitwa Mapengo ya Shemeji. Nikamjibu kwa hasira. Akanijibu kwa kicheko. Tangu siku hiyo hatukuachana. Kila jioni nikishafunga duka tulitumiana sauti, yeye akiwa anapika kwake, mimi nikiwa na miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Baba yangu alipofariki, sauti yake ndiyo iliyonisindikiza hadi makaburini, nikiwa nimeificha simu ndani ya kitambaa cha kichwa. Bwana wake alipomwacha na kitoto kichanga, Tania, mimi ndiye niliyemfundisha kwa simu jinsi ya kuogesha mtoto mwenye homa. Sura yake sikuijua. Hakutuma picha hata siku moja, na sikumuuliza sababu, kwa kuwa sababu niliijua: yale aliyokuwa anayaandika.

Naye alikuwa na blogu, na yake ilikuwa blogu kweli. Aliiita Bidoni ya Njano, kwa jina la yale madumu ya lita ishirini ambayo watu wa Goma huchotea maji. Alikuwa anaandika habari za foleni ya bomba la mtaani kwao. Kwenye foleni ile watu hawasimami, zinasimama bidoni zao, kila moja na alama yake: hii ina kamba nyekundu shingoni, ile tundu lake limezibwa kwa sabuni, nyingine imeandikwa jina kwa msumari wa moto. Mwezi wa kwanza wa mwaka huu ninaousimulia waasi wakauchukua mji wa Goma. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na Bidoni ya Njano ikaanza kusomwa hadi Kinshasa na Ulaya. Hakutaja jina la mtu wala la kiongozi. Aliandika tu: leo bidoni yenye kifuniko cha bluu haikuja. Kesho yake: bidoni yenye kifuniko cha bluu haikuja tena. Siku ya tatu mama mmoja aliivuta iliyofuata, akaiweka mahali pake. Kila aliyesoma alielewa kwamba kuna mtu amechukuliwa.

Na waliowachukua watu nao walikuwa wanasoma. Tulisikia wanauliza mtaa kwa mtaa ni nani huyo anayehesabu bidoni. Waliojua jina lake walikuwa wawili tu. Mmoja ni kaka yake Dady, mwenye duka dogo la dawa, ambaye Bidoni na Tania walikaa kwake, na ambaye alikuwa anavuka mpaka kwenda kutafuta mtandao ili amwekee maandishi yake. Wa pili ni mimi.

Sasa, Alexis wa Mangobo, kijana mwenye blogu ya mpira, akaandaa kongamano la wanablogu hapa Kisangani, mwezi wa tano, siku mbili. Tulialikwa watu thelathini. Nilimbembeleza Bidoni aje. Nilimbembeleza mwezi mzima, na hilo nalo naliweka kwenye mzigo wangu. Alikuwa anasita. Dady ndiye aliyemwambia nenda, upumzike, ulale wiki moja bila kusikia risasi, Tania nitabaki naye. Tukapatana: anakuja kama mfanyabiashara anayetafuta vikwembe, anafika alhamisi, anarudi jumatano. Hakuna jina, hakuna picha. Alexis alikubali mara moja. Akasema wote wasiotaka kupigwa picha watavaa utepe mwekundu kifuani, na yeyote atakayewaelekezea simu atatolewa nje hata akiwa nani. Utepe niliukata mimi mwenyewe dukani.

Alipitia Uganda, akaingia Kasindi, akapanda ndege Beni. Nilimngoja uwanja wa Bangboka nikiwa nimevaa kikwembe chenye picha za kuku, kama tulivyopatana. Nilikuwa nimemwazia mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye macho ya huzuni, kwa sababu ya maandishi yake. Akatokea kimwanamke kifupi chenye mashavu, gauni limepauka, mfuko mmoja begani, akaja moja kwa moja akasimama mbele yangu.

"Ni wewe Ya Olga," akasema. Ya ndiyo dada mkubwa kwetu hapa, na alikuwa ananiita hivyo tangu mwaka wa kwanza.

"Ni mimi."

Basi. Miaka sita ya kuongea, tukaishiwa maneno. Ndani ya teksi tulikaa yeye dirisha hili, mimi dirisha lile, mfuko wake katikati, mimi nikitazama majani ya kando ya barabara kana kwamba nimeyaona leo. Nilikuwa najiuliza kama nimekosea mtu. Ghafla simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wake. Niko naogopa kukuangalia, ameandika, we iko muzuri kuliko vile nilifikiria. Nikamwandikia: na wewe iko mufupi. Tukaanza kucheka, tukacheka hadi dereva akapunguza mwendo kututazama. Kutoka hapo hadi nyumbani hatukunyamaza.

Kwetu jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwenye bomba la uani. Alilifungua, akalifunga, akalifungua tena, akalifunga, mara tatu.

"Alors, Ya Olga, hapa hakuna foleni?"

"Hakuna. Siku ingine maji yenyewe haitoke, lakini foleni hakuna."

Akaosha nywele mara mbili. Nilimpikia pondu, ndiyo kisamvu, na liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, akala kama mtu aliyetoka kulima. Jioni alimpigia Dady, akaongea na Tania, ambaye alitaka kujua kama Mama Kikwembe, ndiyo mimi, ni mtu mkali. Nikasikia akimjibu, "Mukali sana. Lakini kwake tuko salama." Jina lake halisi ni Katungu, na kuanzia siku ile nilianza kumwita hivyo, lakini chini chini, tukiwa wawili.

Kongamano lilikuwa zuri, siwezi kulisema vinginevyo. Watu niliowajua kwa majina ya ajabu ajabu ya mtandaoni wakawa watu wenye vitambi na meno. Mzee Lukumani wa Yangambi, anayeandika habari za miche ya kahawa, nilidhani ni kijana. Siku ya pili nilipewa zamu yangu, nikaeleza majina ya vikwembe, na nusu ya ukumbi walikuwa wametoka kununua mikate. Baada yangu akapanda Katungu na utepe wake mwekundu. Alexis hakutaja jina, alisema tu, huyu mnamjua. Akasoma ile ya kifuniko cha bluu. Alisoma polepole kwa sauti ileile aliyokuwa anasemea mambo ya vitunguu na mkaa. Alipomaliza, ukumbi mzima ulisimama bila kupiga makofi, na mzee Lukumani alikuwa ameziba uso kwa kofia yake.

Nitasema ukweli, kwa kuwa bila huo hadithi hii haina maana. Nililia, na machozi yale yalikuwa na wivu ndani yake. Nilikuwa nataka kusimama juu ya kiti niwaambie wote: huyu ni wangu, analala kwangu, samaki aliyemla juzi nimempikia mimi. Alexis alinipita akaenda kumshika mikono. Mimi sikuulizwa hata kama nataka kikombe cha maji.

Hapo ilikuwa jumamosi. Mtandaoni tulikuwa tumejilinda vizuri, picha hakuna, jina hakuna, hata orodha ya wageni Alexis aliichoma. Tatizo ni kwamba baada ya jumamosi huja jumapili.

Sisi wafanyabiashara tuliotoka Kivu ya Kaskazini tuna mutualite yetu, chama cha kusaidiana. Jumapili baada ya misa tunakutana katika chumba cha parokia, na mgeni akija hakai tu kama gunia. Mwenyeji wake anasimama, anasema huyu ni mtoto wa nani, ametoka kilima gani, anafanya kazi gani. Kisha watu wanamletea chochote, sukari, sabuni, mkungu wa ndizi. Mwenyeji asiyemtambulisha mgeni wake, watu wanasema ama anaona aibu naye ama anamficha kwa ubaya. Nilimweleza Katungu asubuhi tukivaa.

"Nibaki nyumbani?" akauliza.

"Ukibaki watauliza zaidi. Wote wanajua niko na mutu."

"Bon. Sema tu mimi ni mugeni yako, nilikuya kununua vikwembe. Usiongeze kitu, Ya Olga. Niapie."

Nikaapa. Nilimshika mkono na nikaapa.

Tulikuwa watu sitini hivi. Papa Nzanzu, mwenyekiti wetu, mzee wa simenti na chumvi, anawajua babu za watu wote hadi kizazi cha tatu. Alinyoosha kidole.

"Mama Olga, naona uko na mugeni. Mutoto ya nani?"

Nilisimama. "Ni mugeni yangu, papa. Alikuya kununua vikwembe."

"Karibu yake. Lakini mutoto ya nani?"

Hakuwa na nia mbaya, ndivyo tunavyoulizana. Nikasema, "Ni ya kwetu tu, papa." Watu wakaguna. Jibu lile kwetu si jibu.

Ndipo Mama Colette, kutoka safu ya pili, akasema bila hata kugeuka, "Papa, muache. Itakuwa ni mutumishi mupya. Ya zamani alikimbia, si munajua vile Olga anapigaka kelele."

Chumba kizima kilicheka. Nilimtazama Katungu, na gauni lake lililopauka, na viatu vyake vya njiani. Alikuwa anatabasamu na kichwa amekiinamisha. Leo najua kwamba alikuwa amefurahi kabisa. Mtumishi ndiye mtu asiyeulizwa zaidi, angekaa pale akiwa mtumishi, angeondoka jumatano akiwa mtumishi, na asingekumbukwa na yeyote. Mama Colette alikuwa amemfungulia mlango mzuri kuliko wote, na mimi nikaufunga.

Damu ilinipanda kichwani. Sikumfikiria Katungu hata kidogo, nilimfikiria Mama Colette na mzigo wa Krismasi. Nikasikia sauti yangu:

"Mutumishi? Ile kitu unasomaka kila asubuhi na unalia, unajua ni nani anaandikaka? Ni huyu. Bidoni ya Njano ni huyu hapa. Katungu, mutoto ya marehemu mwalimu Henri ya Lubero. Anakaa Goma kwa kaka yake Dady, ule ya famasi. Sasa sema tena mutumishi."

Vikalipuka vigelegele. Wanawake walimwendea Katungu, wakamkumbatia, wakamwekea sabuni mapajani, mmoja akavua leso yake akamfunga. Papa Nzanzu alitoa machozi, akasema mwalimu Henri alimfundisha kuandika. Hata Mama Colette alisimama akaja kumpa mkono kwa adabu. Ndicho nilichokitaka, nami nilikipata, na kwa muda wa pumzi tatu au nne nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu.

Kisha nikaona uso wa Katungu katikati ya mikono ile. Alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya watu, lakini rangi imemtoka midomoni. Alikuwa anatazama juu ya bega langu. Nikageuka. Nyuma yangu Mama Augustine, mwuza mafuta ya mawese, mwanamke asiyemdhuru hata kuku, alikuwa ameshika simu karibu na mdomo, akisema kwa furaha, "Mumesikia? Bidoni iko hapa na sisi, ni mutoto ya kwetu."

Nilimfuata hadi nje. "Mama Augustine, futa."

"Kufuta nini?"

"Ile sauti. Futa sasa hivi."

"Nilishatuma, ma chérie. Nilirekodi tangu wewe ulianza kusema. Nilituma mu groupe ya famille tu. Dada yangu iko Goma, anateswa kule, nilisema apate ata kafuraha kadogo."

Kwenye kikundi kile cha familia walikuwamo watu mia moja na kumi na wawili. Alipoelewa, alifuta mbele ya macho yangu. Jioni ile sauti yangu ilirudi kwenye simu yangu kutoka kwa shangazi wa Kampala, ikiwa na ile alama ya kwamba imepitishwa mara nyingi. Niliisikiliza. Ilikuwa sauti ya mwanamke mwenye maringo.

Katungu alimpigia Dady palepale kutoka parokiani, akamwambia ajifiche. Dady alijibu kwamba atatafuta kwanza mahali pa mtoto, na kwamba famasi hawezi kuiacha wazi. Jumatatu ilipita. Nilimwomba msamaha jikoni, nikapiga magoti kwenye saruji. Aliniinua.

"Haina shida, Ya Olga," akasema. "Haukufanya kwa roho mubaya."

Heri angenipiga kofi.

Jumanne asubuhi Dady alipiga simu. Tania alikuwa tayari kwa jirani, mama mmoja anayeitwa Binti, na yeye mwenyewe alikuwa anafunga mlango wa famasi. Alisema, "Katungu, usirudi. Nitakuya nyuma na mutoto." Saa nane mchana alipiga Binti. Walikuwa wamekuja watu wenye silaha na gari. Walichukua kompyuta, walichukua madaftari, walimchukua Dady akiwa amevaa blauzi yake, lile koti jeupe la kuuzia dawa. Wamesema wanamngoja mwenye bidoni. Katungu alisikiliza hadi mwisho, akamshukuru Binti, akauliza kama Tania amekula. Kisha akaenda uani, akafungua bomba, akaliacha likimwagika, na akakaa chini kando yake. Nilisimama mlangoni sikujua kama ninaruhusiwa kumkaribia.

Tiketi ya jumatano ilipita. Tulitafuta kila njia. Élie aliwapigia wafanyabiashara wenzake wa Goma, Papa Nzanzu aliandika barua kwa mapadri, Alexis alipeleka jina la Dady kwa mashirika. Jibu lilikuwa moja: hajulikani alipo. Mama Augustine aliacha kuja kwenye mutualite, akanunua simu ya vitufe.

Katungu akabaki kwangu. Wiki ya pili aliniambia hawezi kukaa bure, akaanza kuja dukani. Alipima vikwembe, alivikunja, alivipanga, alifagia kabla sijafika. Nilimkataza, hakusikia. Siku moja niliketi kwenye kiti changu nikamtazama akimfungia mteja mzigo, nikaelewa kwamba kile alichokisema Mama Colette sasa ndicho tunachokiishi. Mama Colette mwenyewe alikielewa. Alikuwa akivuka njia kila asubuhi kumwamkia Katungu kwanza, halafu mimi, na hakunitania tena. Utani wake niliukosa, msishangae.

Hakuandika tena. Blogu ya Bidoni ya Njano ilisimama kwenye maandishi ya siku moja kabla ya safari. Nami nikaiacha yangu. Tuliishi nyumba moja, tulikula sahani moja, tuliulizana kama chumvi inatosha, na hakunikosea heshima hata mara moja. Lakini ile sauti ya jioni, iliyokuwa inanitukana, inanicheka, inaniuliza nimekula nini, ilikuwa imekufa. Nilimkosa mtu aliyekuwa amelala chumba cha pili. Nikishindwa kabisa nilimwandikia kwenye simu, kama tulivyozoea. Naandika: leo limeingia ua ambalo sijui tuliite nini. Naona vile vialama viwili vinageuka bluu. Namsikia kupitia ukutani akiiweka simu mezani. Miezi mitano hakujibu.

Mwezi wa kumi Binti alifanikiwa kumtoa Tania. Dada wa huyo Binti, aliyekuwa anavuka kwenda Uganda, alimchukua kama mwanawe, wakazunguka hadi Beni, wakapanda ndege. Tulikwenda wote Bangboka. Sitaeleza jinsi Katungu alivyomkimbilia mwanawe, hilo si langu. Nilisimama mbali na mfuko wa biskuti mkononi hadi mtoto mwenyewe alipokuja. Alikuwa na miaka sita, mashavu ya mama yake, na kamba nyekundu kwenye kifundo cha mkono, ile iliyokuwa ikifungwa kwenye bidoni yao.

"Ni wewe Mama Kikwembe?"

"Ni mimi."

"Mama alisema kwako hakuna mutu atatuuliza kitu," akasema, akachukua biskuti.

Jumapili iliyofuata tulikwenda naye misa, halafu mutualite, kwa kuwa Katungu alisema twende. Tania alikaa kati yetu akichezea kamba yake. Papa Nzanzu alikuwa amezeeka mwaka ule. Alitutazama, akauliza kwa sauti ya chini, kwa sababu desturi ni desturi.

"Mama Olga. Uko na mugeni."

Nilisimama. Watu sitini walinitazama. Mama Colette alikuwa ameinamia mikono yake.

"Ni mugeni yangu," nikasema. Nikakaa.

Papa Nzanzu alingoja. Safari hii hakuna aliyeguna. Mtoto akainua uso kutazama kuna nini. Ndipo Katungu akasimama, kimwanamke kifupi, akashika kiti cha mbele yake.

"Anaitwa Tania," akasema. "Ni mutoto yangu. Tulikuwa tunakaa Goma kwa kaka yangu Dady, ya famasi. Ni yeye alikuwa anavuka kila siku kuweka maandishi yangu. Walimukamata mwezi ya tano, jumanne, alikuwa na blauzi nyeupe. Kama mutu hapa iko na habari yake, ata kidogo, aseme. Hakuna tena kitu ya kuficha."

Hakuna aliyekuwa na habari. Papa Nzanzu alitikisa kichwa, akawaomba watu wasimame wasali, tukasimama tukasali. Watu walianza kupita na sukari na sabuni zao, wakiziweka mbele ya Tania kimya kimya, naye akiwashukuru mmoja mmoja kama alivyofundishwa.

Tulikuwa tumekaa tena, bega langu karibu na bega lake, nilipohisi simu inatetemeka ndani ya mkoba. Niliitoa nikidhani ni Élie. Ulikuwa ujumbe wa Katungu, wa kwanza tangu mwezi wa tano. Aliuandika akiwa palepale kando yangu, macho mbele.

Kama na siku ile ungenyamaza hivi.

Niliusoma. Yeye alikuwa amekwisha kuiweka simu yake, anamsaidia mtoto kupanga sabuni ndani ya mfuko. Tania alimwuliza sabuni ipi wamwekee mjomba Dady. Katungu akachagua moja, akaifunga peke yake kwenye karatasi.